Kitambaa Kimoja, Sura Tano

Sina ugomvi na kodi. Barabara ninayopita asubuhi kwenda dukani imejengwa kwa kodi, na mashimo yaliyomo nadhani yanasubiri kodi zaidi. Ugomvi wangu ni na gundi.

Nauza vitambaa vya makochi, kwa jora na kwa mita, jirani na mafundi wa Keko hapa Dar es Salaam. Kwa wasioijua biashara hii, kitambaa cha kochi cha siku hizi si kitambaa kimoja. Juu kuna velveti laini ya polista, au chenili, au kile kinachoiga swedi. Chini yake kiwanda kimegandisha kitambaa kingine chembamba cha vitanzi, cha namna ya kushonea fulana, ili cha juu kisivutike, kisitatuke kwenye mshono, na kisitoe nyuzi fundi anapokikaza na kukipiga pini. Vingine wanavitia sponji katikati, nyembamba ya milimita mbili tatu, ndivyo vinavyovishwa viti vya magari. Kinachoshika matabaka yote hayo ni gundi. Mteja haioni. Fundi haioni. Mimi mwenye mali siioni. Lakini mzigo ukifika bandarini, gundi inakuwa mheshimiwa, na kila mtu anataka kukutana nayo.

Kisa ni kile kitabu. Mnajua kipo, hata kama hamjawahi kukifungua, maana kimegusa kila kitu mlichovaa leo. Kinatunzwa na Shirika la Forodha Duniani kule Brussels, mkataba wake ulisainiwa 1983 na ukaanza kazi tarehe 1 Januari 1988. Kila kitu kinachouzwa na kununuliwa duniani kimepewa humo namba ya tarakimu sita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaona sita hazitoshi kutusumbua, ikaongeza mbili, zikawa nane. Sura ya kwanza ni ya wanyama hai, sura ya 97 ni ya kazi za sanaa na vitu vya kale. Humo ndani farasi ana kifungu chake. Mwavuli una kifungu chake. Meno ya bandia yana kifungu chake. Kitambaa cha kochi, kwa jina hilo, hakina.

Kwa hiyo kinatafutiwa pa kulala. Kama cha juu kimefumwa kwa mtande na mshindio kutokana na nyuzi ndefu za polista, kinabisha hodi 54.07. Kama ni velveti ya kufumwa au chenili, kinapelekwa 58.01. Kama ni velveti ya vitanzi, 60.01. Kama kimepakwa au kuunganishwa na plastiki, 59.03. Na kama sponji ndiyo bwana na kitambaa kipo kuishikilia tu, basi si kitambaa tena, ni plastiki, kihamie sura ya 39. Majora yale yale, rangi ile ile ya maziwa ambayo kila bibi harusi wa mjini anaitaka na kila mtoto wa miaka minne anaichora kwa kalamu.

Mtu atasema, namba ni namba, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba kila namba ina bei. Tangu 1 Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya una madaraja manne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Sitataja kifungu kipi kiko daraja gani, maana kila mwaka Julai ikikaribia, nchi wanachama huomba ruhusa ya kutoza tofauti na wenzao kwenye bidhaa fulani, Gazeti la Jumuiya likatoka, na ulichokijua Juni hakikusaidii Julai. Lakini hesabu inafundisha.

Tuseme mzigo, pamoja na nauli ya meli na bima, una thamani ya shilingi 10,000,000. Ukiangukia daraja la asilimia 10, ushuru ni 1,000,000. Kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya mzigo pamoja na ushuru wake, yaani unalipa kodi ya kodi, 1,980,000. Jumla 2,980,000. Ukiangukia asilimia 25, ushuru ni 2,500,000, VAT 2,250,000, jumla 4,750,000. Ukiangukia asilimia 35, ushuru ni 3,500,000, VAT 2,430,000, jumla 5,930,000. Ada ndogondogo nyingine nimeziacha, ingawa zenyewe hazijaniacha. Kati ya daraja la 10 na la 35 kuna shilingi 2,950,000, na hakuna hata uzi mmoja ulioongezeka kwenye jora.

Sasa njoo tumtazame afisa forodha. Ni kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo kabla ya kunipandishia ushuru, na hilo nalishukuru, maana wengine hupandisha bila kuamkia. Wakala wangu wa forodha alikuwa ameandika kwenye kadhia, yaani tamko la mzigo, 60.01, velveti ya vitanzi. Afisa akakata kipande cha kitambaa kwa mkasi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama ukingo uliokatwa.

"Mzee wangu," akasema, "mimi naona plastiki."

Wakala akakichukua, akatazama. "Mimi naona gundi, mkuu."

Nikapewa mimi. Niliona kidole changu.

Msidhani tulikuwa tunacheza. Hiyo ndiyo sheria. Maelezo ya sura ya 59 yanasema kifungu cha 59.03 hakipokei kitambaa ambacho plastiki iliyopakwa haionekani kwa macho matupu, na kwamba kubadilika kwa rangi kusihesabiwe. Macho matupu! Dunia nzima ya biashara, meli zenye urefu wa viwanja vya mpira, kompyuta, satelaiti, halafu mwisho wa yote anatakiwa mtu mmoja kukodoa. Nikauliza kwa heshima kama macho yenye miwani ni macho matupu. Afisa alivua miwani yake akaifuta, akaivaa tena, akasema tuendelee.

Tukaendelea. Wakala wangu, ambaye amesoma na hali ya nguo zake haionyeshi, akasema kuna tofauti kati ya kitambaa kilichounganishwa na plastiki na vitambaa viwili vilivyogandishwa kwa gundi ya plastiki. Ufafanuzi wa kitabu umeitambua tofauti hiyo kwa muda mrefu: vitambaa vilivyoshikanishwa kwa gundi tu, bila plastiki kuonekana ukingoni, si vya 59.03, virudi kwenye sura za vitambaa vya kawaida. Nikamwona wakala ni mtoto wa watu. Nikaanza hata kumhesabia chakula cha mchana.

Afisa akafungua toleo la 2022. Kumbe Brussels hawakulala. Wameongeza maelezo mapya kwenye sura hiyo ya 59: kitambaa kilichounganishwa na shiti au filamu ya plastiki ni kile ambacho matabaka yake yameshikanishwa kwa njia yoyote ile, filamu ionekane kwa macho matupu ukingoni au isionekane. Yaani macho, ambayo nilikuwa nayalaumu, yamestaafishwa kwenye kesi hiyo. Swali likawa jipya: je, hiyo gundi yangu ilikuwa filamu, au ilikuwa gundi?

Maana ziko namna zote. Kuna kiwanda kinachopaka gundi ya maji, kuna kinachodondosha vitone, na kuna kinacholaza filamu nyembamba ya plastiki kati ya vitambaa viwili, kikaipitisha kwenye joto ikayeyuka na kushika. Ikishayeyuka na kupoa, nani atajua? Ushuru wangu ukawa umetegemea iwapo gundi iliingia kiwandani ikiwa kwenye pipa au ikiwa kwenye jora. Wakala akamwandikia muuzaji, Keqiao, kule Zhejiang, kwenye soko la vitambaa ambalo ukilitembea siku nzima unarudi hotelini ukiwa umeona kona moja. Jibu likaja usiku wa manane kwa saa zetu: "Ndiyo rafiki, ubora mzuri sana." Tukaambatanisha kwenye faili.

Kuna na jaribio la kupinda. Bidhaa isiyoweza kupindwa kwa mkono kuzunguka kijiti cha kipenyo cha milimita 7 bila kuvunjika haihesabiwi kitambaa cha 59.03, kwa kawaida huenda sura ya 39. Milimita 7 ni unene wa penseli hivi. Na kupinda huko kunatakiwa kufanyike kwenye joto la kati ya nyuzi 15 na 30. Hapa ndipo nilipogundua kwamba waliokaa kuandika maelezo hayo hawakuwahi kukaa Dar es Salaam mwezi Februari. Mchana wa Februari hapa unapita nyuzi 30 bila kuomba ruhusa. Kisheria, basi, jaribio letu lifanyike alfajiri, kabla ya jua, mimi na wakala na afisa tumeshika penseli, au tusubiri kiyoyozi cha ofisi kitengenezwe. Kati ya hayo mawili, alfajiri inakuja haraka zaidi.

Bahati nzuri kitambaa changu kinapindika hata ukikitazama vibaya. Lakini kwenye mzigo huo kulikuwa na majora yale ya sponji, na sponji ina mambo yake. Kitabu kinasema kitambaa kikiwa kipo tu kwa ajili ya kuipa sponji nguvu, mali yote ni plastiki. Sasa utajuaje kitambaa kipo kwa ajili ya nguvu na hakipo kwa ajili ya uzuri? Ufafanuzi una jibu. Kikiwa kimebandikwa upande mmoja, hakina ua wala mapambo, ni cheupe au cha rangi moja tu, kinahesabiwa mfanyakazi wa ndani. Kikichapwa maua, au kikinyanyuliwa manyoya, kinapanda cheo, kinakuwa kitambaa kamili. Na sponji ikivishwa kitambaa pande zote mbili, hapo nako inatoka kwenye sura ya 39. Nimeishi miaka yote hii sikujua kwamba ua moja la waridi, lililochapwa kwa wino wa senti, lina uwezo wa kuhamisha kontena kutoka sura ya 39 kwenda ya 59. Mama mkwe wangu, ambaye hapendi makochi ya rangi moja, alikuwa na akili ya kiforodha tangu zamani.

Yakishindikana yote hayo, kitabu kina kanuni sita za tafsiri, na ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Inasema bidhaa ya mchanganyiko ipangwe kwa ile sehemu inayoipa sifa yake ya msingi. Hapo afisa akaniuliza mimi, mfanyabiashara, kitambaa hiki sifa yake ya msingi iko wapi, juu au chini? Huko ni kuuliza pilau ni mchele au ni nyama. Ukimuuliza aliyepika atasema mchele, ukimuuliza aliyealikwa atasema nyama, na ukimuuliza aliyechelewa atasema ni viazi. Nikajibu kwamba mteja hununua cha juu, ndicho anachokipapasa dukani kwa dakika ishirini kabla ya kusema atarudi. Lakini fundi wangu, ambaye sikumwomba maoni, akasema bila kile cha chini kochi halimalizi Ramadhani moja. Nikamwambia anyamaze, hapa panaongelewa pesa.

Na kama sifa ya msingi haipatikani? Kanuni imekwisha kuona mbali: kati ya vifungu vinavyostahili sawa, chukua kile chenye namba ya mwisho. Ndiyo. Wanasheria wa dunia nzima, baada ya kupima, kukata, kupinda na kutafakari asili ya mambo, wanakubaliana kwamba 60.01 iishinde 54.07 kwa sababu 60 inakuja baada ya 54. Nchi nyingi tunapigania kuwa mbele kwenye foleni. Kwenye forodha, wa nyuma ndiye anayepewa mzigo.

Nina pendekezo. Kitabu hicho hicho kina sura ya 77, kati ya aluminiamu na risasi, ambayo iko tupu. Si kwamba kuna kidogo ndani yake. Hakuna kitu. Imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye tangu mfumo ulipoanza, na matumizi hayo hayajafika. Nyumba nzima, vyumba vyote, haina mpangaji, na sisi wa vitambaa vya makochi tunahangaishwa sura tano na mabegi yetu. Mwaka 2028 linaanza kutumika toleo jipya la kitabu. Nawaomba wahusika watufikirie. Tutavumilia hata majirani wa chuma.

Niwe mwungwana, nimsemee na afisa. Haamki asubuhi akiwa na chuki na velveti. Wapo wenzetu, na wanajijua, walioandika majora ya mahameli kuwa bandeji za hospitali. Wapo walioshusha bei kwenye ankara mpaka kitambaa kikawa rahisi kuliko uzi. Afisa aliyedanganywa na hao wote ndiye anayekutana na mimi msema kweli, na uso wangu, mke wangu ananiambia, haunisaidii. Tena kitabu hakikuandikwa kwa ajili yangu. Kimeandikwa ili afisa wa Mombasa, wa Rotterdam na wa hapa wakikutana na jora moja waseme namba moja. Hilo ni jambo zuri. Ningependa tu kuwaona watatu hao wakiwa chumba kimoja, na kile kipande changu, na dirisha moja.

Tena dawa zipo, tusikufuru. Kabla hujaagiza, unaweza kupeleka sampuli forodha na kuomba uamuzi wa mapema juu ya namba yake. Mkataba wa uwezeshaji biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unalitaka jambo hilo. Na ukishatozwa usiporidhika, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004 inakupa siku 30 za kuandika malalamiko kwa Kamishna, naye anapewa siku 30 za kujibu, na akikaa kimya mpaka muda ukaisha, inahesabiwa amekubaliana na wewe. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kwa raha. Ni mahali pachache ambapo mwananchi anaomba ofisi ya serikali isimjibu. Shida ni kwamba mzigo ukikaa bandarini, tozo ya kuhifadhi inahesabu bila kulala, na mteja aliyeweka oda ya harusi hajui siku 30 ni nini. Anajua Jumamosi.

Linaloniuma kuliko yote ni hili. Fanicha ziliwekwa kwenye lile daraja jipya la asilimia 35, na sababu naikubali kwa mikono miwili: tusiagize makochi wakati Keko kuna watu wenye misumeno. Safi. Sasa huyo mtu mwenye msumeno, mbao anazo, misumari anayo, sponji anayo, kilichobaki ni kitambaa. Kitambaa kiko kwa afisa, kinapindwa kwenye penseli. Tumemfungia mlango mshindani wake, kisha tumemfungia na mwenyewe nje. Kila wiki tunayobishana kama gundi ni filamu, kuna fremu ya kochi inayokaa uchi Keko ikipigwa vumbi, na kuna fundi anayemwambia mteja neno lile ambalo limevunja ndoa nyingi kuliko uzinzi: "Kesho."

Fundi wangu akaja na hekima. "Mzee, achana na velveti. Leta reksini. Ni plastiki juu ya kitambaa, kila mtu anaiona, hakuna wa kubisha."

Nikamgeukia wakala kwa furaha. Akatikisa kichwa kwa kukubali. "Kweli mzee. PVC juu ya kitambaa ni 5903.10, wazi kabisa." Akanyamaza kidogo. "Mradi hiyo PVC isiwe na povu ndani. Ikiwa na povu, na kitambaa cha chini ni cha rangi moja..."

"Sura ya 39," nikasema.

"Umeanza kuelewa, mzee."

Nikauliza habari za ngozi. Akasema ngozi halisi haina maneno, ila zile za bei yangu mara nyingi ni ngozi iliyosagwa ikashikanishwa upya, nayo ina kifungu chake, 41.15. Nikauliza inashikanishwa na nini. Hakujibu, na mimi sikurudia swali.

Kwa hiyo wateja wangu wapenzi, mnaopita dukani na kuuliza mbona rafu zina majora ya kahawia peke yake, msinilaumu. Velveti za rangi ya maziwa nimeagiza, na nimelipia. Ziko Brussels, zinatafutiwa sura.